Mstari wa Chini ya Dari

Na ijulikane kwa wakazi wote wa pwani, kuanzia Kilwa hadi Lindi, walio hai na waliotangulia mbele ya haki, ya kwamba asubuhi hiyo ya Alhamisi Mpelelezi Mkuu Tawakali bin Kudra, mfumbuzi wa mafumbo, kitisho cha wahalifu, jicho lisilolala la Kilwa Kivinje, aliingia rasmi kazini.

Aliingia kwa kujikwaa kizingitini. Na ukuu wenyewe ulikuwa na maelezo yake. Tawakali alikuwa mpelelezi mkuu kwa sababu Kivinje haikuwa na mpelelezi mwingine, na cheo hicho alikipata siku punda wa Akida Abdulatifu alipopotea. Alipima nyayo, akahoji mtaa mzima, akachora ramani mchangani, na alipokuwa anamweleza akida kwa nini mnyama yule hawezi kuwa mbali, punda akapita nyuma yake taratibu akirudi bandani kunywa maji. Akida akavutiwa mno. Tangu hapo Tawakali hakuonekana bila koti lake jeusi la sufu, la mkato wa kizungu, jua liwake mvua inyeshe, kwani katika shule ya Wadachi aliona kwamba mtu mwenye madaraka hujulikana kwa jasho.

Safari hii, hata hivyo, hapakuwa na punda.

"Shikamoo, Bwana Akida."

"Marahaba. Tazama juu."

Tawakali akatazama juu. Walikuwa katika ukumbi mpya wa ghorofani. Akida alikuwa ameujenga baada ya kualikwa chakula nyumbani kwa Bwana Mkubwa wa Kidachi, akaona kwamba Mzungu yule analala chini ya dari ya mbao nyeupe, katika chumba chenye kuta za buluu, ilhali yeye Abdulatifu, aliyebaki mwaminifu vita vyote, analala chini ya boriti zinazomwagia unga wa mchwa ndevuni. Aliporudi hakula, hakulala. Kisha akaita seremala, akaita fundi rangi. Sasa naye alikuwa na dari ya mbao iliyopakwa chokaa nyeupe pee, na kuta zilizopakwa chokaa iliyotiwa nili. Na pale ukuta ulipokutana na dari, pakawa na mstari.

Mstari huo ndio uliokuwa kesi. Pande tatu za ukumbi ulikuwa umenyooka kana kwamba umekatwa kwa wembe: huku buluu, huku nyeupe, na hakuna aliyevuka kwa mwenziwe. Upande wa nne, ule unaotazamana na mlango, weupe ulikuwa umeshuka juu ya buluu, ukapanda, ukashuka tena, kama nyoka aliyeshinda kwenye tembo la mnazi.

"Kesho baada ya sala ya Ijumaa Bwana Mkubwa anakuja kula hapa," alisema akida. "Atakaa pale. Macho yake yataangukia pale. Atasema: Abdulatifu, umejaribu." Akida alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu ya ndimu. "Nataka mtu, Tawakali."

"Nani aliingia humu mwisho?"

"Fundi Maftaha. Jana alifunga madirisha na mlango, akaniletea ufunguo mkononi. Alfajiri nimefungua mwenyewe, nikayakuta haya. Yuko stoo, amefungwa kamba. Nisipopata mwingine kufikia alasiri, atakula viboko hamsa ishirini hapo uani, na kesho anatiwa mnyororo na wale wanaopelekwa Kipatimu kuchimba barabara."

Hamsa ishirini Kivinje ilizijua vizuri. Ila hizo huuguzwa kwa mafuta ya nazi, mtu akalala kifudifudi, akapona. Mnyororo ulikuwa jambo jingine. Tangu vita vya maji vizimwe, huko vilima vya Matumbi watu walikuwa wanachimba mizizi ya ming'oko porini ili wale, na wafungwa walikula baada ya kila mtu kula. Wengine walirudi wamebebwa. Wengine ilirudi kofia peke yake.

Sasa, mtu akiambiwa habari kama hiyo, moyo wake hutakiwa kusononeka. Moyo wa Tawakali ulipiga ngoma.

Sababu ya ngoma hiyo iliitwa Ziada. Alikuwa anauza vitumbua karibu na msikiti, na tangu Ramadhani iliyopita Tawakali alinunua kwake kila asubuhi, ingawa vitumbua vilimletea kiungulia. Alikuwa bado anatafuta maneno ya kuanzia mazungumzo pale Maftaha alipotokea Lindi na brashi zake, na nyimbo zake, na shati linalonukia karafuu. Yule hakutafuta maneno. Mahari ilikuwa imekwisha kupokewa.

"Nitamhoji," alisema Tawakali kwa sauti nzito, "bila upendeleo."

*

Maftaha alikuwa ameketi juu ya gunia la pamba, mikono imefungwa nyuma, na bado alionekana amependeza. Tawakali alilihesabu hilo kama kosa la kwanza.

"Jina?"

"Tawakali, jana tu tumesalimiana."

"Jina."

"Maftaha bin Pazi, fundi rangi wa Lindi, ambaye mkono wake tangu utotoni..."

"Jina limetosha. Eleza kazi yako."

"Ukuta na dari ni wake wenza, Bwana Mpelelezi. Ukiwaacha wagusane ovyo, nyumba haina amani. Mimi ndiye naweka mpaka, kila mmoja ajue kwake. Nachapa uzi wenye masizi, unaacha alama. Halafu nakata kwa brashi ya manyoya ya mbuzi, nimeinoa upande mmoja. Mzungu mmoja alinipa brashi ya Ulaya. Nikamuuliza, manyoya ya mnyama gani haya? Akacheka. Nikamrudishia."

"Endelea."

"Siri ni mkono. Ukiuendesha mkono umekwisha. Mkono unatulia, mwili ndio unaotembea, na pumzi unaizuia. Wengine hawawezi. Wana pumzi fupi." Akamtazama Tawakali kifuani. "Koti hilo halikubani?"

"Jana ulimaliza saa ngapi?"

"Adhuhuri. Kuta zote, mstari wote. Nikafunga madirisha, maana chokaa ikikaushwa na upepo hupasuka. Ndoo nikaiacha mlangoni na chokaa kidogo ndani, nikaenda kwa Ziada kula."

"Kula nini?"

"Hilo nalo ni la upelelezi?"

"Kila kitu ni cha upelelezi."

"Samaki wa kupaka. Na vitumbua. Vya moto, vya kwanza kutoka chunguni. Hunitengea."

Tawakali akameza mate. Yeye siku zote aliuziwa vilivyopoa, na aliambiwa ndivyo vilivyo.

"Mpaka lini?"

"Mpaka adhana ya alasiri. Mtaa mzima ni shahidi, nilikuwa naimba. Nikasali, nikarudi kuchukua brashi na uzi, nikautazama mstari wangu kidogo, nikafunga mlango, ufunguo nikampa akida."

"Ulikuwa peke yako?"

"Mimi na mstari."

"Kwa hiyo baada ya alasiri hakuna mwingine aliyeingia."

"Hakuna. Lakini mimi niuharibu? Afadhali nijikate pua." Kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua mbwembwe. "Tawakali, ndugu yangu. Nimewaona wanaotoka Kipatimu. Tafuta, tafadhali. Pengine ni ile chokaa iliyobaki. Maji yale ndiyo maji pekee nchi hii yaliyobaki na nguvu."

"Usiyataje maji ndani ya nyumba ya akida!"

"Nimesema ya chokaa."

"Hata ya chokaa," alisema Tawakali, akatoka akiwa amesimama wima kuliko alivyoingia.

*

Utaratibu, hata hivyo, ni utaratibu. Mpelelezi aliyesoma hawezi kumtia mtu hatiani kwa sababu ananukia karafuu. Lazima awe na mshukiwa wa pili, ili amwondoe. Mshukiwa wa pili alikuwa Mzee Bakary, aliyepaka nyumba zote za Kivinje zenye heshima mpaka Maftaha alipokuja. Jana alionekana akitoka kwa akida amejiinamia. Tawakali akamkuta barazani kwake anasuka kamba ambayo haikuhitajika na mtu.

"Shikamoo, Mzee Bakary."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya mstari."

"Umejuaje?"

"Mji mzima unajua. Wengine wamekuja kunipa hongera, na mimi sijafanya kitu."

"Jana ulipanda ghorofani kwa akida."

"Nilipanda. Adhana ya alasiri inaanza, watu wanakwenda msikitini, nikasema nitapita mara moja. Nilikwenda kuutafutia kasoro, mwanangu, sitakuficha. Nimetazama pande zote nne. Ukuta wote ulikuwa mbichi bado, lakini ule mstari! Nilirudi nyumbani, chakula kikanishinda."

"Hata upande unaotazamana na mlango?"

"Hata huo. Umenyooka hata nikamchukia mama yake."

"Ungeweza kuuharibu?"

Mzee Bakary akaiweka kamba chini. "Ningeweza, ningeuharibu. Ngazi ilikuwapo, ndoo ilikuwapo. Nilikanyaga kipago cha kwanza. Magoti yakasema, Bakary, rudi kwako. Nikarudi."

Kesi ikawa imekwisha, tena vizuri. Alasiri mstari umenyooka. Baada ya alasiri Maftaha yuko peke yake. Alfajiri mstari umelewa. Tawakali alitembea kurudi kwa akida akipiga mluzi, na alikuwa amefika karibu na soko la samaki alipogundua kwamba kuna neno limemkwama kooni kama mwiba wa changu.

Ukuta wote ulikuwa mbichi bado.

Mluzi ukakatika. Baba yake Tawakali, Mzee Kudra, alikuwa mchoma chokaa. Tawakali alikulia kando ya tanuu, akichota mawe ya matumbawe yaliyoiva, na jambo moja alilijua kabla ya kujua alifu na be: chokaa mbichi haina rangi. Ukiipaka, unaona maji. Unaweza kudhani hujapaka kitu. Weupe huja baadaye, ikikauka, polepole, kama mvi. Na katika chumba kilichofungwa madirisha, juu ya ukuta ulio mbichi wenyewe, hukawia hata usiku kucha.

Kwa hiyo Mzee Bakary hakuona mstari ulionyooka. Aliona mstari uliokwisha kuharibiwa, ambao bado haujajitangaza. Maftaha naye, alipokuwa anajipongeza, alikuwa anaupongeza msiba. Uchafuzi ulifanyika kati ya adhuhuri na alasiri. Na kati ya adhuhuri na alasiri Maftaha alikuwa anakula vitumbua vya moto mbele ya mtaa mzima, anaimba.

Hitimisho lilikuwa zuri. Lilikuwa hitimisho la kwanza la kweli maishani mwake, lisilohusu punda. Tawakali alisimama sokoni akiwa nalo kama mtu aliyeokota lulu ya mwenye nyumba wake.

*

Alipanda ngazi ya mbao ukumbini, koti na yote, akaubana uso wake karibu na ukuta. Fundi akipaka huacha mkono mpana, laini. Hapa palikuwa na mikwaruzo myembamba mingi, sambamba, kama nywele zilizopitishwa kitana. Na katikati ya mkwaruzo mmoja, imegandia katika chokaa, palikuwa na njiti nyembamba ya ukuti. Chelewa.

Fundi rangi hapaki kwa ufagio. Mwenye ufagio ni mwenye nyumba.

Chini, upande wa uani, alikaa Bi Mwanaheri, mke mkubwa wa akida. Ghorofani, mlango unaofuata ukumbi, palikuwa pametengwa pa Kidawa, mke mdogo, aliyeolewa mwaka huo huo, na ndiye aliyeambiwa avae hariri kesho na kupokea sifa za ukumbi. Tawakali akabisha hodi uani.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kivulini, koti lako litakuivisha."

"Nimekuja kuuomba ufagio wako. Niuone tu."

Bi Mwanaheri alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama.

"Wengine huja kwangu kuomba chumvi," alisema. Hata hivyo akainuka, akautoa ufagio nyuma ya mtungi, akamtupia miguuni. Ncha zake zilikuwa nyeupe.

"Lini, Bi Mkubwa?"

"Watu walipolala baada ya chakula. Nilipaka, sikuona kitu. Nikasema, hata chokaa ya nyumba hii imejifunza kunidharau. Nikapaka tena, nikaona maji matupu. Nikashuka nikalia, nikijua nimeshindwa. Alfajiri namsikia Abdulatifu anapiga ukelele, ndipo nikajua nimefaulu."

"Fundi atachapwa. Halafu Kipatimu."

"Nimesikia." Hakuwa anatabasamu. "Nilidhani atatukanwa, atapaka upya, basi. Nilitaka aharibikiwe siku moja tu, yule wa juu. Haya, kaseme. Nipewe talaka tatu mbele ya watu wanaokula kwangu, nirudi Rutamba, ambako ndugu zangu wenyewe hawana cha kutia chunguni."

Tawakali akafungua mdomo. Lililo sawa lilikuwa pale pale ulimini, tayari.

"Huyo fundi," aliuliza Bi Mwanaheri, "si ndiye mchumba wa Ziada?"

"Ndiye."

"Na wewe si ndiye uliyekuwa unanunua vitumbua?"

"Nilikuwa na njaa."

"Asubuhi zote hizo." Akamtazama jinsi mtu anavyojitazama kwenye kioo siku asiyotaka kujiona. "Ndoo iko nyuma ya mlango wa juu. Imebaki chokaa kidogo."

Wivu wa mke mkubwa na wivu wa mnunuzi wa vitumbua vilipeana mikono juu ya ungo wa mchele, bila mashahidi, bila fatiha.

Tawakali akapanda tena. Akaing'oa ile chelewa, akaivunja vipande, akaitia mdomoni akaitafuna, maana alikwisha kusikia kwamba wajinga ndio hutupa ushahidi. Akachovya kitambaa ndooni, akapita juu ya mikwaruzo yote, taratibu, mkono mpana, laini, wa kifundi. Alitulia mkono, akaendesha mwili, akazuia pumzi. Alifanya vizuri, na hilo lilimuudhi kidogo. Kisha akafungua madirisha yote mawili ili upepo wa mchana uingie ukaushe upesi, akashuka, akapaka mikono mafuta ya nazi asibabuke, akajiona amemaliza.

*

Alasiri ukuta ulikuwa umekauka, na nyoka mlevi alikuwa amenenepa akawa wa heshima. Akida aliketi kwenye kiti cha Bwana Mkubwa, akikijaribu. Askari alisimama mlangoni na kiboko. Maftaha aliletwa na kamba zake. Mzee Bakary alikuja kwa ajili ya kuona. Nyuma ya pazia la mlango wa ndani palikuwa na harufu ya udi, kwa hiyo palikuwa na mtu. Na Ziada alikuwa amesimama karibu na dirisha, kanga ameifunga kifuani kwa ngumi.

"Bwana Akida," alianza Ziada, "Maftaha alikuwa kwangu tangu adhuhuri mpaka alasiri. Niulize, uliza mtaa."

"Hakuna anayeuliza kabla ya alasiri, binti yangu," alisema akida. "Tunauliza baada yake. Tawakali, sema."

Tawakali akasonga mbele, akasimama palipokuwa na mwanga.

"Bwana Akida, upelelezi ni elimu. Kwanza nimeuliza: mstari ulionekana salama lini? Mzee Bakary ni shahidi. Ilikuwa alasiri."

"Alasiri," alisema Mzee Bakary, "na nilisikitika sana."

"Pili nimeuliza: nani aliingia baada ya hapo? Fundi mwenyewe amekiri. Peke yake. Tatu nimeutazama ukuta. Mtu wa kawaida angeacha mikwaruzo. Huu ni mkono wa kifundi. Tazameni ulivyo laini!"

"Si mkono wangu huo!" alipiga kelele Maftaha. "Mkono ule umetetemeka penye pembe. Hata kuharibu ningeharibu vizuri!"

"Mshtakiwa anakiri kiburi," alisema Tawakali.

"Kaka Tawakali." Ziada alikuwa amemgeukia. Hakuwahi kumwita hivyo. Alizoea kumwita mteja. "Mimi sijui mambo ya chokaa. Wewe baba yako alikuwa wa tanuu. Watu wote hapa wanajua pamba na kodi, wewe ndiye unajua chokaa. Kama kuna neno moja la kumsaidia, unalo wewe. Nakuamini."

Tawakali akachokoa jinoni kipande cha chelewa kilichobaki. Akakohoa, akaendelea, ila sasa kwa haraka.

"Kwa hiyo, kwa mujibu wa elimu, nahitimisha kwamba..."

"Una nini begani?" aliuliza Ziada.

"Sina kitu begani."

"Una mvi."

Askari alicheka. Tawakali akageuza shingo, lakini bega la mtu haliko mahali pazuri kwa macho yake mwenyewe. Wengine ndio walioliona. Juu ya sufu nyeusi, iliyokuwa imeshika maji tangu adhuhuri na sasa ilikuwa inayaachilia katika joto la mwili wake, palikuwa panachomoza kitone cheupe. Kisha kingine. Kisha mabega yote mawili, na ukosi, na mgongo, kama uwanja wa kuku waliomwagiwa mtama. Walitazama vikiiva. Hapakuwa na mtu aliyepumua, isipokuwa Maftaha, ambaye fani yake ilimzidi nguvu.

"Hiyo ni chokaa ya dari," alisema. "Imedondoka kutoka juu. Huyu amepanda akapaka akiwa na koti. Nani hupaka hivyo, jamani? Mimi hupaka na kaniki nyeusi mwaka mzima, nitafutieni doa moja!"

Akida akainuka kitini. "Ulipanda lini, Tawakali?"

"Kuchunguza, Bwana Akida."

"Uchunguzi unadondosha?"

Tawakali alilitazama pazia la mlango wa ndani, alikojua kwamba Bi Mwanaheri anasikiliza. Neno moja tu, jina moja, na macho yote yangemwacha yeye yakaenda kule. Pazia halikutikisika. Akamtazama Ziada, ambaye hakuwa na hasira bado. Alikuwa anasubiri, kama mtu aliyemkabidhi mwenziwe mtungi na sasa anasikia umepasuka, ila hajaamini.

"Adhuhuri ya leo," alisema. Sauti yake ya kazini ilikuwa imemtoka, akabaki na ya kawaida, nyembamba. "Nilichukua chokaa iliyobaki nikapaka juu ya alama, zifanane na za fundi. Hazikuwa zake. Alama za jana zilipakwa kabla ya alasiri, Bwana Akida. Chokaa mbichi haionekani. Mzee Bakary alitazama ukuta uliokwisha kuharibiwa akadhani ni mzima. Maftaha naye vile vile. Saa zile yeye alikuwa kwa Ziada, kama anavyosema Ziada. Nililijua hilo tangu asubuhi, nikiwa soko la samaki."

"Tangu asubuhi," alirudia Ziada.

"Nani basi aliyepaka jana?" Akida alikuwa amesogea hata ndevu zake zikaligusa koti. "Zilikuwa alama za nini? Za nani?"

"Hazipo tena. Nimezifuta mwenyewe. Na jina siwezi kulisema, Bwana Akida. Nililipokea vibaya, sina haki ya kulitumia."

"Kwa hiyo jina ni lako."

"Ukipenda."

Nyuma ya pazia bangili ziligongana mara moja, kama mtu aliyetaka kuinua mkono, akaushusha.

"Umesoma kwa Wadachi," alisema akida polepole, "nimekupa cheo, nimekupa heshima. Kwa nini utake fundi wangu afe Kipatimu? Amekufanya nini?"

Hapo Tawakali angeweza kusema mambo mengi. Alikuwa na maneno ya kishule yaliyopangwa, ya haki na ya serikali. Alipoyatafuta, akakuta moja tu.

"Ananitangulia," alisema. "Vitumbua vya moto anakula yeye. Mimi napewa vilivyopoa."

Mzee Bakary aliinamisha kichwa, akatazama vidole vya miguu yake. Hata akida aliinua macho akaitazama dari yake, aliyoijenga kwa wivu.

"Mfungue fundi," alisema mwishowe. "Maftaha, una usiku na asubuhi. Kesho nikiingia na Bwana Mkubwa nataka ule mstari uwe kama wa jana."

"Utakuwa zaidi ya wa jana."

"Kamba," alisema Ziada. Alikuwa amekwisha kupiga magoti nyuma ya Maftaha, anafungua fundo kwa meno, na hakumtazama tena mtu mwingine.

Askari akakihamisha kiboko kutoka mkono huu kwenda ule. Alikuwa mtu wa kazi, na kazi ilikuwa imetajwa tangu asubuhi. "Bwana Akida, na zile hamsa ishirini? Nizirudishe, au zina mwenyewe?"

Akida alikuwa anautazama ukuta.

Tawakali alifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua. Chini yake shati lilikuwa limeloa, na yeye mwenyewe alikuwa mwembamba kuliko Kivinje ilivyodhani. Akalishika koti akitafuta wa kumshikia. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Zina mwenyewe," alisema, akalining'iniza kwenye kipago cha ngazi ya fundi, akatangulia kushuka uani.